Sitini na Mbili za Mama Volti

Wasichana wa shule walimpachika jina la Mama Volti, na kwa kweli alilipenda. Alikuwa mtunza maabara, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuosha mirija, kupanga mizani na kukarabati vilivyovunjika. Hakuwa mwalimu, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali kusema.

Gari alilitengeneza mwenyewe, kwenye kibaraza cha nyumba yake: magurudumu matatu, fremu ya pikipiki iliyochakaa, betri nne chini ya kiti. Siku alipoliendesha hadi shuleni, darasa zima lilimwagika nje. Mita ilikuwa imefika kilomita sitini na mbili kwa saa, akaitaja namba hiyo mara tatu. Mkuu wa shule akaiandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, akaibandika kwenye ubao wa matangazo.

Wifi yake alikuwa pale pale getini, ameegemea baiskeli yake ya kusambazia mikate.

"Sitini?" wifi akauliza, anacheka. "Wifi, mimi nilikuwa nyuma yako tangu kona ya kanisa, na kreti mbili za mikate. Hata jasho sikutoka."

Watu wakacheka. Mama Volti akahisi anavuliwa nguo mchana kweupe. Akajibu bila kufikiri:

"Wewe wifi endelea na mikate yako. Haya mambo yana hesabu ndani yake."

Kicheko kikageuka upande wa pili. Wifi aliacha shule darasa la tano ili amuuguze mama yao, wakati kaka yake, mume wa Mama Volti, akiendelea kusoma. Mama Volti alilijua hilo vizuri. Wifi akapanda baiskeli, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye, mkaguzi wa magari alitaka karatasi ya kuthibitisha kwamba mita inasema kweli. Jumamosi asubuhi Mama Volti akaifungua sensa ya mwendo, kidude kidogo kama kifuniko cha chupa, akaibana kwenye jiliwa juu ya meza ya maabara. Mbele yake akaweka kisahani chenye sumaku alichokitoa kwenye gurudumu, akakifunga kwenye drili. Kila sumaku ikipita, sensa hupiga mpigo mmoja, na mita huhesabu mipigo.

Drili ilikuwa ya mizunguko mia sita kwa dakika. Mita ikaonyesha elfu moja na mia mbili.

Akailaumu drili. Akabadilisha waya. Ikarudia vile vile. Mwisho akaizima drili, akachora alama ya chaki kwenye kisahani na kukizungusha kwa mkono mara kumi, taratibu, anahesabu kwa sauti. Alitegemea mipigo ishirini. Ikawa arobaini.

Hapo akakumbuka. Mwanzo aliweka sumaku mbili. Baadaye, namba zilipokuwa zinarukaruka, akaongeza nyingine mbili, ila mita hakuiambia. Ilikuwa bado inagawa kwa mbili. Sitini na mbili ilikuwa thelathini na moja.

Masikio yake yakawaka moto, ingawa chumbani hapakuwa na mtu. Alibadilisha mbili ile ya kugawia kuwa nne kwa nusu dakika, akafunga boksi, akarudi nyumbani.

"Vipi kipimo?" mumewe akauliza.

"Safi tu."

Alikaa na "safi tu" hiyo siku nne. Kila akipita kwenye ubao wa matangazo alitazama chini. Siku ya tano akamfuata wifi kwake, akamkuta anajaza upepo tairi.

"Wifi, ni thelathini na moja. Nilikosea hesabu mimi."

"Najua."

"Sasa mbona hukusema?"

Wifi akaacha kupampu. "Si nilisema?"

Mama Volti akaomba radhi.

"Nimekusikia," wifi akasema. "Lakini hapa tuko wawili. Siku ile walikuwa wengi."

Kesho yake, saa ya chai, Mama Volti alisimama katika chumba cha walimu, mikono imeshika kiti. Akasema namba ya kweli. Akasema aliyemwambia mapema ni wifi yake, lakini yeye akamdhalilisha wifi huyo kwa sababu ya shule aliyoikosa. Mwalimu wa hisabati akakohoa. Mmoja akacheka, kisha akajifanya anapuliza chai. Mkuu wa shule akatoka kwenda kuibandua karatasi, na nyayo zake zilisikika hadi mwisho wa korido.

Mkaguzi aliipitisha mita bila neno. Wasichana sasa wanamwita Mama Nusu, wakidhani hasikii. Wifi ameanza tena kumsalimia, ila chai akikaribishwa husema ana haraka. Mama Volti huendelea kumkaribisha, na kila mara akitamka maneno hayo hujikuta anatazama sakafu.