Makubadhi ya Bibi Kwenye Kizingiti cha Warumi

Sogea karibu na kiyoyozi, msikilizaji wangu, maana kisa hiki kina joto. Kila Julai, nikishuka kituo cha metro hapa Karama, mtaa wetu wa Dubai, na moto wa lami ukanipenya kwenye soli, hunijia harufu ya kitu ambacho hakipo: ngozi ya makubadhi iliyochomwa na jua. Hapo hapo narudi kuwa na miaka tisa.

Nikueleze kwanza. Sisi ni watu wa Unguja tunaoishi Dubai. Shule zikifungwa na jua likianza kukaanga watu, Baba alikuwa akipakia gari na kukata jangwa la Saudia kwenda kutafuta hewa Jordan. Mwaka ule alitupeleka kwenye magofu ya mji wa Warumi. Tulikuwa wanne: Baba, kaka yangu Nassor, mimi, na Bibi, mama yake Baba, na kanga zake mbili begani. Hewa yenyewe hatukuiona. Mawe yalimeta hadi macho yakatoa machozi, na wadudu walilia mitini kama mafuta yanayochemka.

Nguzo ndefu Bibi alizitazama kwa adabu tu. Lakini Baba aliposema, "Mama, hapa palikuwa nyumba ya mtu," alisimama. Mbele yetu palikuwa na kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo, na ukuta mmoja mrefu uliotia kivuli sakafuni. Paa hapana, mlango hapana. Bibi akavua makubadhi yake, akayapanga sawasawa.

"Zuwena, nitazamie viatu vyangu. Usiondoke." Kisha akapaza sauti: "Hodi!"

Wasichana wawili wa Kizungu wenye kamera waligeuka. Masikio yangu yakawaka.

"Hodi, wenyewe!"

"Mama, wenyewe wamekufa zamani," Baba alisema polepole.

"Ndiyo niwavamie?"

Kwa Bibi hodi ilikuwa tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuza, hata kama umetoka mbali vipi. Alikuwa amekaa garini siku tatu akiyaugulia magoti, nami nilijua hatanii.

"Hodi!"

Kimya. Bibi akainama kuchukua viatu. Ndipo Nassor, aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta, akaitikia kwa sauti nzito ya kizee: "Karibu, mama! Wake zangu wamekwenda sokoni!"

"Starehe, baba," Bibi akajibu bila kucheka, akaingia kwa mguu wa kulia.

Wale wasichana waliangua kicheko. Nami, badala ya kutazama viatu, nikaondoka. Nikaenda kusimama karibu na familia nyingine, nikijifanya wao ndio watu wangu.

Bibi alikaa humo muda mrefu, akipapasa kuta, akibishana na Baba jiko lilikuwa upande gani. Alipotoka, kivuli kilikuwa kimehama na kizingiti hakina kitu. Mfagiaji alikuwa amepita akizoa chupa tupu, na makubadhi yale yaliyochakaa akayaona ya kutupwa. Bibi akakanyaga jiwe, akarudisha mguu upesi. Baba akataka kumbeba.

"Nibebwe kama gunia, Seif, mbele za watu?" Akaniita, akanirushia kanga zake zote mbili. "Tandika."

Nikatandika moja, akakanyaga. Nikatandika ya pili mbele yake, nikarudi nyuma kuchukua ya kwanza. Hivyo hivyo hadi getini, magoti yangu yakiungua juu ya mawe, wale wasichana wakitazama, sasa bila kucheka. Getini mfagiaji alituona, akashika kichwa, akayachomoa makubadhi kwenye mfuko wa taka.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kunywa maji."

"Vizuri. Jua kali," alisema. Uongo ule umenikaa kooni hadi leo.

Miaka kumi baadaye nilimsindikiza Unguja. Alinipeleka kwenye kichochoro, mbele ya nyumba aliyozaliwa na kulelewa, ambayo sasa inakaliwa na watu asiowajua. Nilidhani ataingia tu na kusema hapa ni kwetu. Akavua makubadhi.

"Hodi!" Kimya. "Hodi, wenyewe!" Sikusikia kitu ila redio ndani. Nilimwona akishika ukuta kwa kiganja kizima, kama alivyoushika ule wa Warumi, na nikaelewa kilichokuwa kikimtisha. Ya tatu isipoitikiwa, atageuza, na umri wake haukuwa wa kurudi tena. Kule Jordan alikuwa amewafanyia wenye nyumba kile alichotamani kila mgeni aifanyie nyumba hii aliyozaliwa.

"Hodi!" Sauti ilikatika.

"Karibuni!" mwanamke akaitikia kutoka ndani.

"Starehe," Bibi akasema, akilia. Mimi niliyaokota makubadhi, nikayakumbatia kifuani mpaka alipotoka.

Basi siku ukifika kwenye gofu, usiingie moja kwa moja. Simama kizingitini, piga hodi, na kama umekuja na mtu mzima, mshikie viatu vyake mkononi.