Nilichukua Stendi ya Mgeni Nikainulia Kamba ya Nguo

Jirani yetu anasema mgeni wa baiskeli aliamka amelewa chakari.

Anasema alitoka chumbani kwa magoti na mikono, akatambaa uwanja mzima mchana kweupe, akayavuta mashuka yaliyokuwa kambani yote yakaanguka mavumbini.

Na anasema mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jirani huyu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko barazani, imeelekea geti letu, na habari haizimiki mdomoni mwake, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Redio. Hii ameshaitangaza kwa kila aliyepeleka suruali kupunguzwa.

Mimi sijamkanusha hata mara moja.

Si kwa sababu anasema kweli. Ni kwa sababu uongo wake unanipendelea. Heri ningecheka.

Ngoja niwaeleze taratibu. Shule niliishia ya msingi, mtanisamehe mkikuta maneno yamekaa kombo.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya shangazi yangu, dada yake baba. Ni nyumba ndogo. Vyumba vyote vimefuata baraza moja, baraza inatazama uwanja, na choo kiko ng'ambo ya uwanja. Nafagia, nadeki, nafua, napokea wageni. Simu ya kazi naishika mimi.

Kitu nilichokuwa najivunia ni macho. Sisemi sana, naangalia. Mgeni akiingia getini, kabla hajaweka begi chini nimeshajua kama ni mtu wa kulala au wa kugombana na mtu kwenye simu usiku kucha, na kama taulo zetu ziko salama.

Shangazi alinipa sheria moja tu. Binti aliyefanya kazi kabla yangu alisemwa na mtaa mpaka akahama. Kwa hiyo siku ya kwanza shangazi alinikalisha jikoni.

"Mkono wa mgeni mwanamume usiuguse. Hata funguo, unaiweka mezani, yeye anaichukua mezani. Mtaa huu una macho kuliko nanasi."

"Sawa, shangazi."

Nikaishika sheria hiyo kuliko nilivyoishika shule.

Basi. Mgeni alifika jua limeshaanza kupoa. Aliingia na baiskeli yake, na hakushuka getini kama watu wengine. Aliiendesha taratibu mpaka kwenye baraza, akakanyaga ukingo na mguu mmoja, ndipo akasimama.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya safari ndefu. Mikoba miwili mbele, miwili nyuma, hema limefungwa kwenye keria, chupa za maji kila mahali. Mtu mwenyewe mwembamba, amechomwa na jua, sauti ya chini.

"Dada, nina ombi. Chumba kisicho na ngazi. Na baiskeli nilale nayo ndani."

"Ndani haiwezekani, kaka. Shangazi hataki tairi kwenye saruji."

"Basi mlangoni. Mlangoni kabisa."

Nikasema sawa. Nikaweka funguo mezani. Akajinyoosha kutoka kwenye baiskeli, mkono mmoja umekamata siti, akaichukua.

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kuona.

Alichomoa kwenye mkoba vipande vya bomba jepesi, vifupi, vimekunjwa pamoja kama vya hema. Akavirusha kidogo hewani. Ta, ta, ta, vikajiunga vyenyewe, maana ndani kuna mpira unaovivuta. Kikawa kijiti kirefu, na juu kina uma, kama panda ya manati.

Akafunga breki kwa kipande cha raba ili gurudumu lisitembee. Akakita kijiti chini, akaingiza ile panda chini ya siti. Akaachia.

Baiskeli na mizigo yake yote ikasimama pale mlangoni kwake, peke yake. Haijaegemea ukuta, haijaegemea nguzo.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

"Stendi ya kukunja. Nikiwa njiani sikuti ukuta kila mahali." Akatabasamu. Halafu uso ukabadilika kidogo. "Dada, naomba hapo ilipo isisogezwe. Tafadhali."

Nilisema sawa. Moyoni nikasema, huyu anatuona wezi.

Siku iliyofuata alishinda chumbani. Chakula akataka apelekewe. Nikamweka kwenye kundi la wenye maringo.

Halafu nikaona jambo. Uwanja wetu naufagia kila asubuhi, udongo unabaki na mistari ya ufagio. Juu ya ile mistari kulikuwa na alama za tairi, kutoka mlango wake mpaka choo, na kutoka choo mpaka mlango wake.

Nikamwonyesha Redio kupitia uzio.

"Mgeni wenu anakwenda chooni na baiskeli?" akasema.

"Ndivyo ninavyoona."

"Anaogopa itaibiwa au itamtoroka? Mwanangu, hata mume wangu sijawahi kumpenda kiasi hicho."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka nikashika uzio. Kwa hiyo Redio hajatunga kila kitu. Amebadilisha siku tu.

Mimi mwenye macho, nimeona alama za tairi zinakwenda chooni, na kichwa changu kikaishia kwenye kicheko.

Kesho yake ilikuwa siku ya mashuka.

Nilifua tangu alfajiri. Kamba yetu ya nguo ni ndefu, na mashuka yakiwa mabichi inalegea katikati mpaka ncha zinaburura chini. Tulikuwa na mti wa kuiinulia. Ulikuwa umevunjika. Nikatafuta fimbo ya ufagio, ni fupi. Nikatafuta ubao, hauna pa kushika kamba, unateleza.

Kila anayefua nje anajua. Ukiwa na kamba iliyolegea, kitu chochote chenye panda unakitamani.

Nikatazama barazani.

Mlango wa mgeni ulikuwa umefungwa. Bado amelala. Nikajiambia, nitaazima kidogo tu, upepo ukiyachukua maji naikita tena ilipokuwa. Na hapohapo nitapata nafasi ya kudeki pale mlangoni. Nikaichomoa stendi. Baiskeli ilikuwa nzito, ilinilalia. Nikafungua ile raba ya breki, nikaisukuma mpaka mwisho wa baraza, nikaiegemeza vizuri kwenye ukuta wa jiko.

Hata nilijisifu. Nikasema, ona sasa, si ukuta upo?

Stendi ikakaa chini ya kamba kama ilizaliwa kwa kazi hiyo. Mashuka yakanyanyuka yote, meupe, yamejaa uwanja.

Nikawa nyuma ya mashuka, bombani, maji yanamwagika kwenye ndoo. Sikuona kitu.

Kusikia, nilisikia. Kuna sauti ilisema "Dada." Mara ya kwanza nikafikiri ni mteja wa Redio. Mara ya pili nikasema, nimalizie ndoo.

Kisha nikamsikia Redio mwenyewe.

"Jamani njooni muone. Mgeni wao kalewa asubuhi yote hii."

Nikachukua beseni, nikainua shuka, nikapita chini yake.

Alikuwa hapo, karibu na miguu yangu. Magoti chini, viganja chini, suruali imejaa udongo. Alitoka mlangoni akitambaa kuelekea choo. Miguu ilimfuata nyuma kama kitu alichokuwa amekifunga kiunoni.

Barazani kwa Redio walikuwa wamesimama wanaume wawili waliokuja kuchukua suruali zao. Mmoja alikuwa anacheka kwa sauti.

"Sista, mbebe mpenzi wako," akasema.

Mgeni aliinua uso. Hakunuka pombe. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Akanyanyua mkono mmoja kutoka chini, akaunyoosha kwangu.

"Dada, nipe mkono."

Nilikuwa nimeshika beseni kwa mikono miwili.

Beseni lilikuwa tupu.

Nataka mlijue hilo. Beseni la plastiki, jepesi, ambalo mtoto angelishika kwa kidole. Nikalikumbatia kifuani kama limejaa mayai. Nilimwona yule mwanaume anacheka, nikamwona Redio ameacha cherehani, nikamfikiria yule binti wa kabla yangu. Na nikasimama.

Hakurudia. Mkono ulikaa hewani kidogo, halafu akauweka tena chini.

Akageuka. Akatambaa mpaka kwenye kamba, akaikamata stendi, akajivuta nayo mpaka akasimama. Kamba ikashuka, mashuka yakamfunika, mengine yakaanguka mavumbini. Ile stendi haikutengenezwa kubeba mtu. Niliona inapinda katikati.

Shangazi akatoka jikoni.

Nikajua yamenikuta. Mashuka yote chini, mgeni katikati yake kama mzimu, kelele za wanaume ng'ambo.

"Kuna nini hapa?"

Mgeni akasema kabla sijafungua mdomo. "Mama, ni mimi. Kijiti hiki nilimwazima dada mimi mwenyewe. Nikasahau kwamba baiskeli ndiyo miguu yangu."

Ndivyo alivyosema. Alimwazima dada yeye mwenyewe.

Shangazi alimtazama mara moja, kuanzia juu mpaka chini. Hakuuliza swali lingine. Alitupa mwiko, akaingiza bega lake chini ya kwapa la mgeni, akamshika kiuno.

"Haya baba, nikanyagie mguu ukitaka, nimeshakanyagwa na wazito kuliko wewe. Choo ni huku."

Wakaenda hivyo. Shangazi, mwenye sheria yake, amemkumbatia mwanaume katikati ya uwanja mbele ya mtaa mzima. Alipopita usawa wa baraza ya Redio akawaambia wale wawili, bila kupaza sauti, "Na nyie suruali zenu hazijaisha? Vaeni muende."

Wakachukua suruali zao.

Baadaye mgeni alitueleza, amekaa kitandani. Aliugua, ugonjwa ukamwachia nyonga zisizoweza kumbeba. Akiwa juu ya baiskeli anakwenda kama mtu yeyote. Akishuka, anaishika siti anajikokota nayo. Ndiyo maana inatakiwa isimame pale anaposimama yeye, siyo pale penye ukuta. Ndiyo kazi ya ile stendi.

Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Vitu vyote nilikuwa nimeviona. Mkono kwenye siti. Chumba kisicho na ngazi. Alama za tairi. Hata ombi lenyewe nililisikia kwa masikio yangu.

Jioni nilipokuwa nafua mashuka upya, shangazi alikuja akakaa kwenye ndoo.

"Alikuomba mkono?"

Sikuweza kusema hapana.

"Ukaikumbuka sheria yangu."

"Ndiyo, shangazi."

"Nilikukataza mikono ya wanaokutaka. Aliyeanguka nilikukataza lini?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Akachukua shuka, akanisaidia kulikamua. Heri angenigombeza.

Mgeni aliondoka asubuhi. Aliinyoosha stendi kwa goti, ikabaki na kona. Nikaikunja mimi, kipande kwa kipande, nikaiweka kwenye ukingo wa baraza ili aichukue mwenyewe. Hata siku hiyo. Mazoea ya mezani. Niliposhtuka ninachofanya, alikuwa ameshaichukua.

Neno la kuomba radhi lilikuwa mdomoni. Akapanda, akanipungia, akatoka getini anakwenda kama upepo.

Ningemalizia hapa, niwaachie funzo, kila mtu aende zake. Funzo lenyewe nililolipata ni hili: mimi nilikuwa naangalia watu ili nijue kasoro zao, na mtu anayeangalia hivyo anaweza kuona kila kitu asijue mwenzake anahitaji nini. Sheria niliyoishika siku ile niliishika kwa sababu ilinipa pa kuficha woga wangu.

Lakini jana simu ya kazi ililia. Ujumbe. Nausoma tena sasa hivi ninapoandika.

"Habari dada. Ni mgeni wa baiskeli. Stendi iliachia njiani pale ilipopinda, baiskeli ikaanguka na mizigo, gurudumu na uma wa mbele vimeharibika. Nimeiacha kwa fundi, nakuja kwa gari. Nitashushwa getini kwenu Alhamisi mchana. Chumba kile kile."

Ilipopinda. Hakuandika nani aliyefanya ipinde.

Kutoka getini mpaka mlango wake ni kupita uwanja mzima, mbele ya cherehani ya Redio, na safari hii hana baiskeli ya kushika.

Nilitaka kumpa shangazi simu. Yeye bega lake liko tayari siku zote. Ndipo nikaona kuna ujumbe wa pili chini yake, mfupi.

"Najua mama atakubali, kwa hiyo simwombi mama. Nakuomba wewe dada. Unipe mkono."

Nimeandika "sawa" nikaifuta. Nimeandika "karibu" nikaifuta. Redio ananiuliza kupitia uzio mbona leo nimeganda na simu, nimepata mchumba?

Kesho ni Alhamisi. Ujumbe bado uko hapa, na mimi sijajibu.