Neno la Bi Rayya Halikutoka Nyumbani Kwetu

Ijumaa moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile yameshanipita. Tulikuwa hapa hapa Ibra, Oman, uchaguzi wa Shura, baraza la ushauri la nchi, umekaribia, na nyumba yetu imejaa wanaume wa ukoo waliokuja kumtia nguvu Nasor, aliyekuwa mgombea.

Nasor ni mtoto wa marehemu dada yangu Zuwena. Ndiye huyo balozi mnayemwona kwenye televisheni. Zamani alisomea elimu ya jamii, yaani kuwauliza watu wanaishi vipi na kwa nini wanaishi hivyo. (Miye nilimwambia, hayo jirani yangu Bi Moza anayafanya bure.) Aliporudi masomoni akataka habari zetu sisi akina mama tuliotoka Unguja na Pemba. Soko letu la wanawake la Jumatano mwanamme haingii, basi nikawa namkusanyia wenzangu nyumbani, tunakunywa kahawa, wanaeleza. Nikawaambia, "Semeni, huyu mwanangu."

Bi Rayya wa Wete alisema kuliko wote. Alieleza kwamba mama yake mzazi alikuwa Mpemba wa shamba, hana ukoo wa huku, na kwamba mwanawe Saif analificha hilo asichekwe. Akalia. Akasema, "Nasor, hili liishie kwako."

Basi Saif huyo huyo ndiye aliyesimama kushindana na Nasor. Kila sabla, baraza za wanaume, alikuwa akisema, "Mtamchagua Mswahili? Kiarabu chenyewe anakitafuna kama muhogo!" Watu wanacheka, na kura zinamkimbia Nasor.

Ijumaa ile binamu yake Khalfan akamsogelea. "Sote wa nyumba hii tunajua Bi Rayya alikaa hapa akakueleza asili yake. Itoe sablani leo baada ya Alasiri, uone kama Saif atapata pa kuuweka uso!"

Nilimwona Nasor anavyoutaka ule ushindi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wake ulishafika menoni.

Mama yangu, Bi Thuwaiba, macho yalikuwa yameshamwishia, lakini masikio, subhanallah! Akaita kutoka chumba cha ndani.

"Nasor! Bi Rayya aliposema, alikunywa kahawa ya nani?"

"Yetu, bibi."

"Basi neno lake ni mgeni wetu. Toka lini tukamtoa mgeni nje tukamvua nguo?"

"Bibi, hii siasa," akasema Khalfan.

"Nyamaza wewe, hata mbuzi wako hawakuchagui!"

Watu wakacheka. Nasor hakucheka. Alikwenda sablani, akazungumza habari za maji na barabara, akakaa chini. Akashindwa.

Alilia jikoni kwangu, mtu mzima na shahada zake, kwa sababu alijua angeweza kushinda. Wiki ile Bi Rayya akaja, akambusu mama kichwani, akakaa. Hakutaja kitu, nasi hatukutaja.

Uchaguzi uliofuata Saif hakusimama. Akina mama wa Jumatano walikwenda kupiga kura, gari kwa gari, Bi Rayya yumo, na Nasor akaingia Shura. Baadaye akapelekwa ubalozini. Nikamuuliza kwenye simu, hiyo kazi ya ubalozi hasa ni nini? Akanijibu, "Mama mdogo, ni kusikiliza watu, kisha kujua lipi libaki kifuani."

Mwanangu, siku hizi mna simu, neno linatoka Ibra likafika Nizwa muadhini hajamaliza adhana. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha naye ataoshwa. Ukiaminiwa neno, usilifanye ngazi yako, hata kama mwenye neno ni mama wa adui yako, hata kama huyo adui anakutukana mchana kweupe. Uchaguzi huja tena. Mama wa watu ukishamvua nguo mbele ya kadamnasi, humvishi tena.

Mungu akupe kifua kipana, akusitiri kwa kadiri utakavyowasitiri wenzio, na akuepushe na ushindi utakaouonea haya mbele Yake. Amin.