Msamaha Niliouandika Mimi

Nilimwandikia maneno ya kuomba msamaha, na nusura yamrudishe kifungoni.

Kijana huyo alikuwa na miaka kumi na minane, na miwili ya mwisho ilikuwa imeishia katika kituo cha kurekebisha vijana. Mimi nilikuwa mlezi wake wa kujitolea. Kila Jumamosi nilitoka Machakos mjini, tukakaa kwenye benchi moja lililopinda na kuzungumza juu ya siku atakayotoka. Siku hiyo ilipofika, alitolewa kwa muda, na afisa wa probesheni akatupa fomu moja. Jirani aliyeibiwa atie sahihi kwamba anakubali kijana arudi kuishi kwao Muthetheni. Isipofika ofisini Ijumaa kabla ya saa kumi na moja, anarudi ndani.

Ijumaa hiyo asubuhi tulipanda njia nyembamba kati ya matuta ya mashamba. Mama yake alitangulia, leso mabegani. Kijana alikuja nyuma akinong'ona maneno yangu. Nilikuwa nimeyachonga kama ukurasa wa kwanza wa riwaya, nikafuta na kuandika upya, nikajipenda. Nilimfundisha pia asimame wima na amtazame mzee machoni, ndipo aonekane mkweli.

Jirani alikuwa akirudishia tuta lililobomolewa na mvua. Alimsalimia mama peke yake. Jembe hakuliweka chini.

Kijana akasimama wima, akamkazia macho. "Mzee, nimekuja mbele yako kama mto unaotafuta kingo zake—"

"Ati mto?"

"Nilichoiba hakikuwa pampu tu, bali imani yako—"

"Nyamaza!" Jembe lilichimba ardhi karibu na viatu vyetu. "Ilikuwa pampu! Ya kuvuta maji! Mboga yangu yote ya sukuma ilikauka. Halafu unakuja kunikodolea macho kwa shamba yangu, ukiongea kama redio. Nani alikuandikia hii maneno?"

Masikio yalinichoma.

"Ni mimi, mzee."

"Wewe ni nani?"

"Mwandishi."

"Inaonekana." Akamgeukia mama. "Mama, rudi na mtoto wako. Mimi sina sahihi ya kumpa."

Mama aliketi palepale kwenye ukingo wa tuta. Niliiona fomu ndani ya mkoba wangu ikirudi tupu. Niliona lile lango la kijivu la kituo likifungwa. Nikafungua kinywa kutafuta maneno mengine mazuri. Kijana akanigusa mkono: acha.

Alivua kofia. Akainamisha macho hadi kwenye udongo, kama wanavyofanya vijana wa huko mbele ya mzee, akaanza tena, safari hii kwa Kikamba. Kikamba changu ni cha mjini, lakini nilimwelewa.

"Nilikata mpira wa maji wa pampu na kisu cha jikoni cha mama. Mbwa wako hakubweka. Alikuwa ananijua. Nikitoka shule nilikuwa nampa mifupa. Alinifuata mpaka barabarani, anatikisa mkia. Nikampiga jiwe ndio arudi."

Mzee alikuwa ameinua jembe. Likabaki hewani.

"Alirudi anachechemea," alisema polepole. "Nikamwita mbwa bure, ameangalia mwizi akienda na mali yangu. Nilimfukuza. Sijamwona tena."

"Sikujua hiyo, baba."

"Mbona hukusema haya kule kortini?"

"Hakuna mtu aliniuliza juu ya mbwa."

Upepo ulipita kwenye mahindi. Mzee alimtazama kijana kuanzia kofia iliyokunjwa mkononi hadi kwenye viatu, kisha akapangusa kiganja kwenye suruali.

"Lete hiyo karatasi."

Aliiweka juu ya goti, akaandika jina lake kwa shida. Udongo ukabaki kwenye ukingo wa fomu.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Nimekubali ukae. Siku nikikosa hata ndoo, mimi mwenyewe nitaenda kwa huyo afisa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Jembe lingine liko kando ya ghala." Akanigeukia. "Na wewe, mwandishi, usimwandikie kitu tena."

Mama alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilishuka peke yangu, mbiombio, ofisi isije ikafungwa. Nyuma yangu nilisikia jembe moja, halafu la pili, likichelewa kidogo.