Samaki wa Rispah

Mtunza mitumbwi wa bwawa la Hatta, kwenye milima ya Dubai, hukausha viganja kwenye suruali kabla ya kumshika mgeni mkono. Humweleza kila anayepanda, kwa sauti ileile ya chini, kwamba hapa palikuwa na bonde kavu, ukuta ukajengwa, mvua za milimani zikalijaza. Juzi alikuja Rispah, mfanyakazi wa ndani anayerudi Kenya kabisa, akiwa na samaki mwekundu wa kufugwa ndooni. Alitaka kumwachilia bwawani.

"Hapana, dada. Huyu atamaliza mayai ya samaki wa hapa."

"Sasa nimuue? Madam hamtaki, na mimi nasafiri kesho."

Mtunza mitumbwi aliinama, akamtazama samaki kwa muda mrefu. Kisha akaipokea ndoo kwa mikono miwili.

"Anakula nini?"