Dawa Kidogo, Picha Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini hospitalini, mkuu wa radiolojia alinivika aproni nzito ya madini ya risasi, akanisimamisha nyuma ya kioo. "Mionzi haina harufu wala haiumi," aliniambia. "Ndiyo maana watu huizoea. Wewe usiizoee."

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa angiografia, yaani kupiga picha mishipa ya damu. Mshipa hauonekani wenyewe kwenye filamu. Lazima kwanza udungwe dawa yenye iodini. Lakini dawa ile hutolewa mwilini na figo, na figo dhaifu huweza kufa kwa sababu yake. Mkuu alitufundisha kuipunguza makali kwa maji ya chumvi, kubana mwale wa mionzi uangukie panapohitajika tu, na kutopiga picha nyingine kabla ya kuisoma iliyotangulia.

Kisha vita vikazuka nchini, vikatuletea majeruhi kila wiki. Asubuhi moja aliletwa Mama Neema, Mkongomani muuza vitenge, aliyepigwa risasi gotini kule Carama, mtaa wa pembezoni mwa mji wetu. Alikuwa amepoteza damu nyingi, na mkojo ulikuwa karibu kukauka, ishara kwamba figo zinashindwa. Akili zake zilikuwa timamu. Alinishika mkono, akauliza, "Muguu itapona?"

Nilimwambia atulie.

Tulimdunga nusu ya dawa ya kawaida, tukapiga picha mbili. Juu ya goti, mshipa ulionekana umekatika. Chini ya goti palikuwa na ukungu mtupu.

"Sioni mahali pa kuunganisha," alisema daktari mpasuaji. "Ongezeni dawa, mupige tena."

"Apana," mkuu alijibu. "Figo zake zitakufa."

"Na muguu je?"

Mkuu akazima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Mguu ulikatwa siku ileile. Figo zilipata nafuu, na Mama Neema akarudi nyumbani akiwa hai. Mpasuaji hakusema na mkuu kwa muda mrefu.

Baada ya miezi kadhaa mama yule alikuja kwa magongo, akanikuta mimi na mkuu koridoni.

"Docteur, kama mungeongeza ile dawa, muguu yangu ingepona?"

"Sijui, mama," mkuu alijibu. "Niliogopa utakufa."

"Nilikuwa macho," alisema. "Juu ya nini amukuniuliza?"

Mkuu aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyedungwa idarani kwetu kabla ya kuelezwa na kuulizwa, hata milio ya bunduki ilipokuwa karibu.

Sasa nimestaafu. Vijana wana skana zinazopunguza mionzi zenyewe, na dawa kidogo huonyesha hata mishipa myembamba. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini nikiwatembelea, huwauliza kwanza kama mgonjwa aliye mezani ameambiwa. Wengine hucheka, wakidhani mzee anatafuta mazungumzo. Mama Neema alifariki kabla vita havijaisha, kwa malaria, na mkuu alihudhuria mazishi, akasimama nyuma ya watu wote.