Tela la Bibi Kwenda Morotonga

Enzi zetu, ndugu zangu, safari haikuanzia stendi. Ilianzia kwenye ungo. Nasema na ninyi mliokulia huku kwetu, mliopiga mswaki kwa kijiti na kuoga mtoni: mnakumbuka safari ilivyopangwa mpaka majirani wakaichoka kabla hata ng'ombe hawajafungwa nira? Mimi jiografia nimeisoma ukubwani, shule ya jioni, huku nanyonyesha, na nawaapia hakuna ramani ya mwalimu iliyoifikia ile aliyoichora tata, baba yangu, jikoni kwetu Kewanja.

Alimwaga unga wa mtama kwenye ungo, akapitisha kidole, Mto Mara ukatokea. Punje ya mahindi ilikuwa mahali pa kulala, na haragwe mahali ng'ombe watakapokunywa maji. "Hapa tukivuka daraja," akasema, "mtaona mbuga, na wanyama mpaka mchoke." Mimi na kaka yangu Marwa tulipiga kelele kama tumeshawaona. Hapo ndipo jogoo aliporuka, akadonoa mara mbili.

"Tata! Amekula malazi yetu!" Marwa akalia kwa uchungu wa kweli. Ilibidi baba aanze upya, mama akiwa amemshika jogoo kwapani kama mtuhumiwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Mdogo wake aliolewa Morotonga, upande wa Mugumu, na walikuwa hawajaonana tangu mimi sijazaliwa. Habari zikaja kwamba macho ya yule mdogo yanaingia giza. Bibi alikuwa amevimba miguu, hawezi kutembea, na gari la kupita kwetu lilikuwa muujiza. Ikabaki tela la ng'ombe.

"Nataka anione," bibi alisema. "Sitaki anisikie tu. Sauti hata kasuku anaweza kuiiga."

Sasa ngoja niwaambie ugumu ulikuwa wapi. Njia fupi ilipita mlangoni kwa mama yake mama yangu, yaani mama mkwe wa baba. Na ninyi mnaijua heshima ya kwetu. Mtu hampi mkono mama mkwe wake, haingii nyumbani kwake, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta kichaka.

"Tukipita kwa mama, tunalala njiani usiku mmoja tu," mama alisema.

"Mimi? Nipite pale nimekaa juu ya tela, miguu inaning'inia, na yeye anachambua mboga uani? Uso nitauweka wapi?"

"Uuweke mbele, uangalie ng'ombe."

"Mama Marwa, usinichezee."

Basi punje za mahindi zikahamishwa, njia ikapandishwa milimani, usiku mmoja ukaongezeka. Bibi akasonya, sonyo lililosikika mpaka kijiji cha Nyakunguru. "Macho ya mdogo wangu yanafifia, na wewe unazunguka milima kwa ajili ya aibu!" Lakini baba alishaamua.

Sisi watoto tulifurahi kwamba safari imerefuka! Mama alifunga viazi vitamu, ugali wa mtama uliokaza kama tofali, na kibuyu cha maziwa mgando kikubwa kuliko Marwa. Bibi tulimkalisha kwenye nyasi kavu katikati ya tela. Dume la mbele tulimwita Diwani, kwa sababu alitangulia kila mahali na kazi ikafanywa na mwenzake. Tulipoondoka, majirani walitoka kututania: "Mnahama? Tuachieni jogoo!"

Ee bwana, ile njia ya milimani! Upepo ulinukia majani ya mvua. Mawe yalikuwa makubwa kama nyumba, na nyani walikaa juu yake wakitucheka, naapa. Tulipofika kileleni, nchi ya chini ikafunguka yote: mto unang'aa, na ng'ambo mbuga haina mwisho. Marwa alihesabu nyumbu, akafika elfu, akaambiwa ni vichaka. Hata bibi alisahau kulalamika, ingawa kila tela likiruka jiwe aliuma midomo, na jioni miguu yake ilikuwa imevimba zaidi. Nilimwona mama akiigusa kisha akimwangalia baba.

Usiku huo tulipanga kulala kwa mwenzake baba, mtu wa rika lake, aliyetahiriwa pamoja naye. Tukaingia uani jua likizama, baba yuko mbele anaimba. Wimbo ukakatika. Kwenye kigoda, akipukuchua mahindi kwa raha zake, alikaa mama mkwe.

Alikuwa amesikia kuhusu safari yetu. Akajua lazima tutapita njia fupi, kwake. Naye, kwa heshima zake, akafunga nyumba akaja kukaa kwa binamu yake, mke wa mwenyeji wetu, ili mkwe wake apite bila aibu!

Baba aliruka ua wa miiba, nadhani alipaa. Mama mkwe akajifunika kanga uso mzima. Mama yangu akacheka mpaka akakaa chini.

"Mmekimbiana vizuri," bibi akasema toka kwenye tela. "Nishusheni sasa, mifupa yangu imekwisha."

Nikafanywa mjumbe. Mama mkwe aliongea ndani ya kanga: "Bhoke, mwambie baba yako, huyu mzee haviwezi tena hivi vilima." Baba alikuwa nyuma ya zizi, anasikia kila neno, lakini nilikimbia kumwambia hivyo hivyo.

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie njia ya hapa inashuka moja kwa moja hadi kwangu, halafu darajani. Kule hakuna mtu. Apite kesho, nani atamwona?"

Baba akakohoa nyuma ya zizi. Kisha: "Mwambie: asante, mama."

Asubuhi tulishuka mbio, Diwani akifanya kazi kwa mara ya kwanza maishani. Tulipofika kwenye ile nyumba tupu, baba alishuka kwenye tela, akavua kofia, akapita kwa miguu, kichwa chini, mpaka akaipita. Kuku tu ndio waliomwona.

Morotonga tuliingia jua bado kali. Bibi mdogo, yule mdogo wake bibi, alitolewa nje ameshikwa mkono. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ya dada yake, akaushika ule uso kwa mikono miwili, akaugeuzia kwenye mwanga. Tulibana pumzi, hata ng'ombe.

"Mbona umezeeka hivi?" akauliza.

"Ni vumbi," bibi akajibu, na wote wawili wakaanza kulia na kucheka.

Siku hizi barabara imechongwa. Wanangu wanakwenda Morotonga na kurudi kabla uji haujapoa, simu ikiwaambia geuka kulia, geuka kushoto, wao wameinamisha shingo kama kuku wanywao maji. Mwezi uliopita walipita mlangoni kwa binti wa bibi mdogo, ambaye naye sasa ni mzee. Nikauliza kama walimsalimia.

"Tulimpungia mkono, mama. Tulikuwa na haraka."

Haraka ya kwenda wapi? Sisi tulikuwa na haraka ya kweli, tukazunguka milima mizima kwa sababu ya heshima, na tukafika bibi mdogo angali anaona.